Pumua Kama Kawaida

Hakuna amri ngumu kama hii: pumua kama kawaida. Mwambie mtu aruke, ataruka. Mwambie afumbe macho, atafumba. Lakini mwambie apumue kama anavyopumua siku zote, na papo hapo atasahau anavyopumua, aanze kuvuta hewa kama mtu aliyetupwa kwenye maji marefu. Fundi wa picha wa hospitali ile alilijua hilo fika, na bado kila asubuhi alijikuta anaisema sentensi hiyo hiyo, maana hakuwa na nyingine.

Wenzake walimwita Mdadisi, na wala hawakumpa jina hilo kwa kumsifu. Alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, na alikuwa na tabia ya kuendelea kuuliza wakati watu wengine wameshatosheka na jibu. Mgonjwa akilalamika ndani ya mashine kwamba pua inamwasha, wenzake walisema, "Vumilia, tunamaliza." Yeye alitaka kujua kwa nini pua za watu huanza kuwasha pale pale wanapokatazwa kujikuna. Mume wake alishazoea kuulizwa mambo ya ajabu mezani, akajifunza kutafuna polepole ili apate muda wa kufikiri.

Asubuhi hiyo aliyelala mbele yake alikuwa Mtangazaji. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye faili, ila hata nesi aliyemleta hakulitumia. Alikuwa ametangaza mpira redioni tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na watu ambao hawakuwahi kumtia machoni walijua anavyolivuta neno "goli" mpaka jirani agonge ukuta. Sasa alikuwa peku, amevaa gauni la hospitali lililofungwa mgongoni kwa vikamba viwili, na bado mdomo haukutulia.

"Fundi, hili vazi limenisitiri mbele tu," alisema. "Nyuma mmeniachia majirani."

"Nyuma unalalia," Mdadisi akamjibu. "Majirani wataambulia patupu."

Kilichomleta hakikuwa cha kuchekesha hata kidogo. Mpwa wake, mtoto wa dada yake wa pekee, ini lake lilikuwa linakufa. Macho ya binti yule yalishageuka manjano, miguu imevimba, na madaktari walisema bila kuzunguka kwamba dawa zimefika mwisho wake. Lililobaki ni kukata kipande cha ini la ndugu mwenye afya na kumpandikizia. Mama yake alijitolea, kisukari kikamkatalia. Baba alishatangulia mbele ya haki. Mjomba akanyoosha mkono. Wakamwambia ini lake lina mafuta mengi. Akaacha soda, akaacha vya kukaanga, akatembea kwa miguu kwenda kazini mpaka soli za viatu zikaisha, na kile kitambi kilichokuwa maarufu karibu sawa na sauti yake kikabaki kwenye picha za zamani. Akavipita vipimo vyote isipokuwa kimoja.

Daktari wa upasuaji alitaka ramani ya mirija ya nyongo. Ni mirija myembamba inayopita ndani ya ini, na kila mtu kaumbiwa yake: ya huyu inagawanyika hapa, ya yule pale. Ukilikata ini la mtu bila kujua mirija imepita wapi, unaweza kuwapoteza wawili kwa kutaka kumwokoa mmoja. "Mimi sikati gizani," daktari alikuwa amesema, na hakuna aliyeweza kumlaumu. Picha ya kwanza, iliyopigwa na fundi mwingine juma lililopita, ilitoka ukungu mtupu. Ya leo ikitoka vile vile, mjomba anaondolewa, na hapakuwa na ndugu mwingine wa kuziba nafasi yake.

Sasa ini nalo si kitu cha kutulia. Limekaa chini tu ya mapafu. Ukivuta hewa linasukumwa chini, ukiitoa linarudi juu, mchana na usiku, upende usipende. Na mashine ya MRI, ile sumaku kubwa yenye tundu katikati, haina haraka na mtu. Picha zake zinataka muda, na chochote kinachosogea hutoka kama maandishi yaliyopitiwa na kiganja kabla wino haujakauka. Ndiyo maana Mdadisi alimfunga Mtangazaji ukanda tumboni. Ndani ya ukanda mlikuwa na kifuko cha hewa: tumbo likipanda kinabanwa, likishuka kinalegea, na kule chumba cha mitambo, nyuma ya kioo, mstari wa kijani unapanda na kushuka kwenye skrini. Mashine inausoma mstari huo. Inamngoja mtu atoe hewa, na pale chini kabisa, kabla hajavuta nyingine, ini linapotulia kidogo, ndipo inagonga na kunyakua kipande cha picha. Kisha inanyamaza, inangoja pumzi inayofuata. Ni kama msichana anayetaka kuingia kwenye kamba inayorushwa: anaiangalia kwanza ikizunguka, halafu anajitosa.

"Kumbe mimi ndiye narusha kamba," Mtangazaji alisema alipoelezwa.

"Ndiye wewe. Usibadilishe mwendo tu."

Akamvika hedifoni za kupunguza kelele, ambazo pia zilipitisha sauti kutoka chumba cha mitambo, akamtia kiganjani kipira cha kubonyeza kama akizidiwa, na kitanda kikaingia tunduni taratibu. Mdadisi akaenda kukaa nyuma ya kioo, akabonyeza kitufe cha kipaza sauti.

"Unanisikia, mzee wangu?"

"Nakupata vizuri sana, studio!"

Wakacheka wote wawili. "Haya, tunaanza," Mdadisi akasema. "Pumua kama kawaida."

Alishaona pumzi za kila namna kwenye ule mstari. Waoga huenda haraka haraka, vilima vidogo vilivyobanana. Wavutaji sigara huwa na mikwaruzo. Wapo wanaosinzia, mstari ukawa mawimbi marefu ya kupendeza hata ukatamani kulala nao. Huu wa Mtangazaji haukufanana na wowote. Ulipanda ghafla, wima, kama mtu aliyeshtuliwa. Ukakaa juu. Kisha ukaanza kushuka kwa vipande vidogo vidogo, na kabla haujafika chini ukaruka tena juu. Mashine iliuvizia weee, mwishowe ikagonga pasipostahili. Vipande vya kwanza vilipotokea kwenye skrini ya pili, vilikuwa uji.

"Mzee wangu, unabana pumzi?"

"Mimi? Nimelala kama mtoto mchanga."

Mtoto mchanga gani huyo, Mdadisi alijiuliza, maana wakati anaongea naye aliona kitu. Aligusa kitufe tu, kabla hata hajafungua mdomo, na mstari ukaganda. Akakiachia. Akakibonyeza tena bila kusema neno. Tk. Mstari ukaganda. Akavaa miwani, akasogeza kiti. Mtu mwingine angekasirika. Yeye alihisi ule utamu wa kitu kinachokataa kueleweka. Akaacha kugusa kitufe kabisa, akatazama mashine na mtu wake peke yao, na hapo akaona jambo la pili: kila mashine ilipogonga na kunyamaza, tumbo la Mtangazaji lilivuta hewa upesi na kukaa tayari. Mashine ilikuwa inamngoja yeye, na yeye alikuwa anaingoja mashine.

Simu ikalia. Alikuwa daktari wa picha, mkuu wake, kutoka ghorofa ya juu.

"Vipi huko?"

"Bado."

"Watu wamejaa foleni. Ukiona haiwezekani, andika haiwezekani."

"Nipe muda kidogo, daktari," Mdadisi alisema kwa adabu zote, akakata simu, ndipo akasema neno jingine ambalo halina adabu.

Akakitoa kitanda tunduni, akamvua Mtangazaji hedifoni na kuvuta kigoda.

"Nataka kukuuliza jambo," alisema. "Ukiwa kazini, ukishavaa hizi, mwili wako unafanya nini?"

"Haufanyi kitu."

"Fikiri vizuri."

Mtangazaji akatazama dari. "Kwanza unasikia tk sikioni," alisema polepole. "Fundi mitambo anataka kukuambia jambo, pengine unaingia hewani, pengine subiri. Basi unabana, usije ukakosa neno. Ukishapewa hewa, unavuta moja ya haraka, ya kifuani, unaitoa kwa kuibania kama mtu anayekula akiba, maana ukihema wasikilizaji wanakusikia. Na usinyamaze! Ukinyamaza kidogo tu, mtu nyumbani anaanza kuitandika redio yake makofi, anadhani betri zimekwisha. Kijana wangu wa kwanza kumfundisha nilimwambia, sema uongo, imba, kohoa, ila usiniachie kimya."

"Na humu ndani, unatangaza?"

Mara hiyo utani ukamwisha. Akajifuta uso kwa kiganja.

"Kimoyomoyo tu," alisema.

"Mechi gani?"

"Ya binti yetu. Yeye na huo ugonjwa. Mashine ikigonga, nasema kapata mpira. Ikinyamaza naingiwa na woga, naanza kujaza."

Mdadisi akakisogeza kigoda karibu. Alikuwa na binti wa rika lile lile nyumbani. "Basi imalize," akamwambia. "Tangaza mwisho wa mchezo, upumzike."

"Nitangaze matokeo gani, fundi? Filimbi haijalia."

Mdadisi alikaa akikuna kichwa kwa ncha ya kalamu. Angemvua hedifoni na kumpa vizibo vya masikio, lakini mechi ya kichwani ingeendelea. Angemwambia asiwaze, lakini hilo nalo ni lile lile la kumwambia mtu apumue. Kisha swali likamjia, dogo, la kijinga kabisa.

"Hivi mechi nzima unatangaza peke yako?"

"Aa, siwezi. Tunakuwa wawili. Nikichoka nampa mwenzangu kipaza sauti."

"Ukishampa?"

"Hapo?" Mtangazaji akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu atolewe tunduni. "Hapo hedifoni ziko kichwani, macho yako uwanjani, lakini mwili wote umelegea. Mwenzangu ananiambia huwa nakoroma macho wazi. Ila siyo kwa mtu yeyote. Ukimpa usiyemwamini unakaa roho juu, unangoja avurunde."

"Na hii mechi yako ya leo, unamwamini nani?"

Macho ya Mtangazaji yakaenda mlangoni, na Mdadisi akainuka bila kungoja maneno, akamvika tena hedifoni, akamrudisha tunduni na kutoka.

Mpwa alikuwa ukumbini kwenye kiti cha magurudumu, blanketi magotini, mama yake ameketi kando na chupa ya maji. Wodini walimkataza kutoka, akawaambia mjomba wake anaogopa lifti, sembuse tundu la sumaku, na hawezi kumwacha peke yake. Alikuwa amekonda mashavu yakaingia ndani, lakini ulimi aliurithi kwa mjomba mzima mzima. Chumba cha mitambo hakiruhusiwi wageni. Mdadisi alimsukuma mwenyewe mpaka ndani, akafunga mlango.

"Unajua kutangaza?"

"Mama, mimi nimelelewa na redio yenye miguu," binti alisema. "Nitangaze nini?"

Mdadisi akamwonyesha mstari wa kijani. Akamweleza yote: ukanda, ini, mashine inayovizia pumzi ishuke. Binti alisikiliza kwa makini, akauliza kama mashine inaweza kudanganywa, na Mdadisi akampenda papo hapo. Kisha Mdadisi akaanzisha picha upya, na binti akaweka kidole juu ya kitufe. Tk. Mstari ukaganda.

"Wapenzi wasikilizaji," binti akasema kwa sauti nzito ya kuigiza, "napokea kipaza sauti kutoka kwa mkongwe wa matangazo, ambaye leo, kwa mara ya kwanza katika historia ya redio, yuko kazini bila suruali."

Mstari ukatetemeka wote.

"Usimchekeshe!" Mdadisi akanong'ona. "Akicheka ini linacheza!"

"Samahani." Binti akajikohoza, akashusha sauti. "Mjomba, nimeshapokea. Wewe kaa pembeni. Mpira ninao mimi."

Mstari ulikaa juu kwa muda, kana kwamba haujaamini. Binti hakuuharakisha. Akaanza kutangaza alichokiona, polepole, kwa ile sauti ya mechi ambayo haina haraka. Hewa imeingia, akasema. Imepanda, inaambaa pale juu, anaanza kuiachia. Inashuka. Bado inashuka, hakuna anayemkaba. Imefika chini, imetulia, na mashine imegonga. Tunaanza upya, wasikilizaji. Hewa inaingia. Mara ya kwanza mstari ulishuka kwa vipande. Mara ya tatu vipande vilikuwa vimelainika. Baadaye likaja wimbi zima, kutoka juu mpaka chini bila kona, na jingine nyuma yake, na mashine ikaanza kugonga kwa mpangilio. Mdadisi alikuwa amesimama, mikono mdomoni. Kule pembeni ya skrini kipimo kilichoonyesha kazi iliyobaki kilikuwa kinajaa. Kikapita nusu.

Binti ndiye aliyeanza kuishiwa. Maneno yalianza kuachana, moja huku, jingine kule. "Inashuka," alisema, akanyamaza, akasema tena, "inashuka." Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Mdadisi akamwashiria apumzike, amwachie yeye kitufe, naye akatikisa kichwa kukataa. Kisha akainama taratibu, akalaza paji la uso kwenye ukingo wa meza, na sauti ikakatika.

Kimya.

Mstari ulikuwa umepanda. Ukabaki huko juu. Mdadisi alijua kinachofuata: sasa ataanza kujaza, mstari utaruka, mashine itagonga ovyo, na picha itabidi ianze upya kutoka mwanzo. Na huyu mtoto hana nguvu ya kuanza upya. Alitaka kusema neno, lolote, lakini sauti yake siyo iliyopewa kipaza sauti. Alisimama pale amebana pumzi yake mwenyewe.

Mstari ukashuka. Ulishuka polepole kuliko mwanzo, ukatulia chini, na mashine ikagonga. Ukapanda tena, kidogo tu, wimbi fupi la mtu aliyechoka. Ukashuka. Mashine ikagonga. Mdadisi hakuelewa. Wimbi hili halikuwa la mtu mwenye kifua kipana kama kile. Akalitazama jingine, na jingine, kisha kwa bahati macho yake yakamwangukia binti pale mezani, mgongo wake chini ya kanga nyepesi unapanda na kushuka. Akatazama skrini. Akatazama mgongo. Vilikuwa vinakwenda pamoja.

Kipimo kikajaa. Mashine ikazima kelele zake. Picha ikatokea: mirija myeupe kwenye giza, myembamba, imegawanyika hapa na pale kama mizizi ya mche uliong'olewa na kuoshwa, na kila kona yake ungeweza kuifuata kwa kidole. Mdadisi akaituma juu bila kugusa chochote. Akamtazama binti, alikuwa amesinzia, anapumua vizuri, mkono wake bado umelala kwenye kitufe. Simu ilipolia aliinyakua kabla haijamwamsha.

"Umefanyaje?" daktari wa picha aliuliza. "Daktari wa upasuaji yuko hapa, anaitazama. Anasema njia anaiona. Anasema mwambie mjomba ajiandae."

Mdadisi alimwendea Mtangazaji, akakitoa kitanda, akamvua hedifoni na kumwambia. Mzee yule alikaa kitako, akajifunika uso kwa mikono miwili na kulia waziwazi, bila kujificha. Mdadisi akamwacha alie. Ila udadisi nao haukumwacha yeye.

"Binti aliponyamaza," alisema mwishowe, "kwa nini hukujaza?"

"Hakunyamaza."

"Alinyamaza, mzee wangu. Nilikuwa pale pale."

"Kidole alikiacha kwenye kitufe." Mtangazaji akajifuta macho kwa ukingo wa gauni. "Nilimsikia anapumua. Unajua, fundi, tangu augue naenda wodini kila siku, na nikifika mimi ni maneno tu. Namchekesha, natia chumvi, naongea mpaka manesi wananifukuza. Sijawahi kunyamaza hata mara moja. Nilikuwa naogopa nikinyamaza nitaisikia pumzi yake, na nitasikia imebaki kidogo." Akatikisa kichwa. "Ni kidogo kweli. Lakini ilikuwa inakwenda. Inakwenda, inarudi, inakwenda. Nikasema, ngoja nimsindikize."

Mdadisi akageuka kutazama kioo, kule binti alikokuwa ameinamia meza.

"Amelala?" Mtangazaji aliuliza.

"Amelala."

"Na kitufe?"

"Bado kakishika."

Mtangazaji akanyoosha mkono akachukua hedifoni alizovuliwa, akazivaa tena mwenyewe, akakaa hapo ukingoni mwa kitanda, peku, kichwa kimeinama. Mdadisi akarudishia mlango taratibu, akaenda kumwambia mgonjwa aliyefuata kwamba watachelewa kidogo.